Neno Lisilo na Pa Kubandikwa

Fundi alikuwa na njia moja tu ya kujifunza Kiingereza: kila neno sharti libandikwe kwenye kitu chake. Kwa wiki tatu karakana yake ilijaa vikaratasi. Randa ilibandikwa, patasi ikabandikwa, na paka aliyezoea kulala kwenye maranda naye akabandikwa mgongoni, akatoka mbio na neno lake, asionekane mpaka kesho yake. Mkewe, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na ambaye hata baada ya kustaafu watu wote walimwita Mwalimu, alicheka akashika mbavu.

Haraka yote hiyo ilikuwa ya usaili. Chuo cha ufundi kilitafuta mkufunzi wa useremala, na maswali yangeulizwa kwa Kiingereza, Alhamisi saa nne. Kwa nini mtu mwenye wateja tele atake ualimu akiwa na miaka hamsini na nane? Mwalimu alipouliza, Fundi alisema amechoka kubeba mbao. Masikini, uongo haukuwa fani yake, ila mkewe hakutaka kumbana.

Jumatano asubuhi lilibaki neno moja kwenye kijitabu cha chuo: *intangible*. Kijitabu kilisema fundi bora hutambulikana kwa sifa za aina hiyo.

"Maana yake nini?" Fundi aliuliza.

"Kisichoshikika. Kisichogusika kwa mkono," Mwalimu alijibu huku akikimbilia maziwa yaliyotaka kufurika jikoni.

Aliporudi na chai alikuta kikaratasi kimebandikwa kwenye mlango wa kabati, ule ambao Fundi alikuwa akiupiga msasa tangu alfajiri.

"Na wewe nawe! Mlango si huu hapa, naugusa!" Mwalimu akapitisha kiganja, akakirudisha upesi. "Mbona unakwaruza hivi?"

Fundi akainamisha kichwa. Katika maisha yake hakuwahi kukabidhi ubao unaokwaruza.

"Nilidhani umelainika," alisema. "Siusikii, mke wangu. Vidole vimekufa ganzi. Vilianza vitatu mwaka jana, sasa vyote. Napiga msasa kwa kukisia. Nikajua neno ndilo hilo: kitu kipo, lakini mkono haukipati."

Mwalimu akaweka chai chini. Alimhurumia, na papo hapo alimkasirikia.

"Mwaka mzima unanificha!"

"Ningekwambia nini? Seremala asiyesikia mbao ni seremala gani? Chuo wakinikataa, mimi nimekwisha."

"Kesho ukitoka huko tunakwenda hospitali, na sitaki mjadala." Akakaa kando yake kwenye benchi, akabandua kile kikaratasi. "Sasa nisikilize. Neno hili si la kitu kilichokushinda wewe kukigusa. Ni la kitu ambacho hakuna mkono uliowahi kukigusa, wa mzima wala wa mgonjwa. Subira. Uaminifu. Hata huo woga uliokula nao na kulala nao mwaka mzima."

Fundi akafikiri. "Na kule kujua, kabla sijakata, kwamba mbao hii itapinda?"

"Na huko pia."

"Basi nitalibandika wapi?"

"Hulibandiki popote, baba. Unalisema tu."

Kesho yake alikaa mbele ya wasaili watatu, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alimwuliza ataleta nini chuoni. Fundi aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Kwa Kiingereza chake kifupi, cha kuokoteza, aliwaambia kwamba vidole hivyo havisikii tena, na kwamba alichobaki nacho ni *intangible*: subira, na kuijua mbao. Jasho lilimtoka. Alikuwa na hakika amejichimbia kaburi.

Wale wawili wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mwanafunzi akikuletea ubao aliomaliza," aliuliza, safari hii kwa Kiswahili, "wewe utajuaje kama ni laini?"

"Nitamwuliza yeye," Fundi alisema. "Mkono wake ndio unaotakiwa kujua."

Mwenyekiti akavaa tena miwani, akamwuliza kama Jumatatu ingemfaa kuanza.