Maua ya Dirishani

Niseme mapema ili tusisumbuane: hakuna kitu chenye mpini na nywele kinachonishinda. Mimi ni mchoraji wa mabango. Yale maneno DUKA LA DAWA ukutani pale kona, yenye herufi nene zilizosimama kama askari kwenye gwaride, ni mkono wangu. Herufi yangu ya O, ukiiwekea sahani juu, inakaa bila kubaki nafasi. Kwa hiyo shangazi alipoteleza kwenye ngazi zilizolowa akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na kazi yake ya kuchora maua kwenye kadi ikasimama, nilimwambia asijipe presha. Ua ni nini? Ni O yenye majani. Nikamwambia anipe jioni moja tu ya kujifunza, Jumamosi atakuwa anakunja kadi na kucheka.

Shangazi alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka kabla ya safari kuanza. Hakubisha. Alikuwa hana mwingine wa kumpa.

Huyu shangazi ndiye aliyenilea. Kabla ya kadi alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha dobi, anasimama kutwa nzima kwenye mvuke, anarudi nyumbani miguu imevimba hadi viatu vinakataa kutoka. Mara nyingi nilimkuta amelala navyo. Kadi ndizo zilizomwokoa. Mwenye duka anayezinunua ni mama mpole asiye na utani kwenye kazi, na wateja wake wanazipenda kwa sababu moja: zinachorwa kwa mkono, hakuna ua linalofanana na jingine. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi atapita mwenyewe kuchukua boksi. Kama halipo, au kama kazi si ile aliyoizoea, atatafuta mchoraji mwingine na wataendelea kusalimiana vizuri tu.

Shangazi hakusema kingefuata nini. Ila nilipoamka kesho yake nikakuta vile viatu vyake vya dobi vimetolewa chini ya kitanda, vimefutwa vumbi, vimewekwa karibu na mlango.

Jioni ya kwanza nilitoka kazini mabega yanawaka, maana kutwa nilikuwa juu ya ngazi. Shangazi alishaandaa meza chini ya dirisha: karatasi ngumu za kadi, kisahani cha rangi za maji, bilauri, kitambaa. Yeye alikaa pembeni, mkono wenye plasta juu ya mto kama mgeni wa heshima. Akanieleza taratibu. Lowesha brashi, chovya rangi, ilaze kwa tumbo lake, bonyeza, nyanyua. Hilo ni petali. Weka la pili kabla la kwanza halijakauka, yaguse, yapeane rangi yenyewe. Katikati dondosha rangi nzito kidogo. Mahali pengine acha karatasi nyeupe ionekane. Halafu acha. Hilo neno la mwisho alilirudia, nami nikaitikia kama ninavyoitikia matangazo ya kwenye spika.

Kisha nikachomoa penseli nyuma ya sikio.

Penseli yangu inakaa hapo muda wote, hata nikila. Kwenye ukuta hakuna mtu anayeanza bila mstari. Unachora mstari, unajaza ndani, rangi ya mafuta inaufunika, nani atajua? Nikachora duara, nikagawa petali kwa vipimo, nikajaza nyekundu kona hadi kona, kingo nikazinyoosha kwa ncha ya brashi. Nikamsogezea.

Akalishika mbali, akalishika karibu.

"Hili ni ua," akauliza, "au nisimame magari yapite?"

Alinieleza, kwa sauti isiyo na nguvu hata ya kukasirika, kwamba hii si rangi ya ukutani. Haya ni maji yaliyopakwa rangi tu, hayafichi kitu. Mstari wa penseli ukishapitiwa nayo umefungiwa humo, hata ufutio haufiki. Na zaidi ya hayo, ua halina uzio. Watu wananunua ua lililolegea, kama limetupwa pale na upepo. Langu, alisema, lilikuwa limewekwa rumande.

Jioni ya pili nikaamua kulegea. Nikamwaga maji hadi petali yakaogelea. Nikaona hatari, nikaingia na brashi kuokoa, nikasugua, karatasi ikatoa manyoya kama sweta la zamani, na nyekundu na kijani vikaungana kuwa rangi ya maji ya kuoshea sufuria.

"Acha," akasema shangazi.

"Nimeacha."

"Wewe umeacha. Mkono hujauambia."

Ndivyo jioni zilivyokwenda. Mimi nakuja nimechoka, yeye ameshinda amechoka, maana kukaa bila kazi kulimchosha kuliko pasi, na mkono ulikuwa hautaki alale. Siku moja alianza kusema, "Sasa jani ulipeleke..." akasinzia hapohapo. Nikakaa na brashi hewani nikisubiri jani lipelekwe wapi, hadi rangi ikanikaukia. Sikumwamsha. Nilikusanya makaratasi yaliyoharibika, nikayashindilia kwenye ndoo ya taka, nikatazama vile viatu mlangoni. Navyo vilikuwa vinanitazama.

Asubuhi yake, shangazi akiwa bafuni, na kuoga kwa mkono mmoja si kazi ya haraka, nilichukua kadi yake moja ya zamani yenye ua zuri kuliko yote. Dirisha letu linapigwa na jua la asubuhi waziwazi. Nikaibandika ile kadi kwenye kioo, juu yake nikaweka karatasi mpya, na ua likatokea kama limeitwa. Nikalipitisha kwa penseli, lakini kwa wepesi, kama anayemgusa mtoto aliyelala. Nikafanya nyingine. Na nyingine. Nikasikia maji yamefungwa, nikaficha zote chini ya godoro langu.

Jioni nikakaa nimempa mgongo kidogo, nikapitisha brashi mle mle alimopita yeye. Taa yetu ni ya njano na imechoka kama sisi, penseli haikuonekana. Nikampa.

Alilishika mbali, akalishika karibu, akalishika mbali tena.

"Heh," akasema. "Umeachia."

Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akavisukuma vile viatu kwa kidole cha mguu, polepole, hadi chini ya kitanda. Akarudi akakaa, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Usiku ule alilala hadi asubuhi bila kugeuka.

Sasa hapo wewe ungesema nini? Mimi nilisema asante, shangazi, ni mafunzo yako. Na kila asubuhi nikawa dirishani.

Ijumaa nilichelewa kuamka, nikatoka mbio bila kufika kwenye kioo. Na siku hiyo ndiyo bosi aliyotupeleka kwenye ghala la magodoro kuandika jina lao ukuta mzima. Nilishinda nachora neno USINGIZI kwa herufi kubwa kuliko mimi, macho yakinifunga. Nikarudi nyumbani mikono haipandi juu ya bega. Boksi lilikuwa bado na karatasi tupu, dirisha lilikuwa jeusi, na shangazi alikuwa amekaa ananisubiri, ameshaniwekea maji kwenye bilauri.

Sikuwa na mstari wala sikuwa na ujanja. Nikalaza brashi, nikabonyeza, nikanyanyua. Rangi ikakimbilia ilikotaka. Kawaida ningeikamata. Jioni ile niliitazama tu, kama unavyomtazama mtoto wa jirani akilia: unasikia, lakini si wako. Petali moja likavuja likaingia kwenye jani, nikaacha. Jingine lilikosa upande mzima, nikaliacha na umaskini wake. Shangazi aliegemea ukuta tu, nami nikajua ameshakata tamaa. Kadi zilipokauka nikaziweka chini kabisa ya boksi, pale mteja anapofika akiwa ameshachoka kukagua.

Mwenye duka alikuja Jumamosi mchana, na mchana aliuleta wote ndani. Mlango wazi, pazia wazi, mwanga hadi mvunguni. Alimpa shangazi pole ya mkono, akakataa kiti, akamwaga boksi mezani. Akaanza kugawa. Kadi hii huku, hii kule. Likaota fungu kubwa na fungu dogo, na shangazi akawa anafuata mkono wake kwa macho bila kupepesa. Mimi nilisimama nyuma ya meza, najikuna sikio.

Alipomaliza, aliokota mbili kutoka fungu kubwa, akazilaza moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga. Zikaingiana kama ufunguo na kufuli.

"Dada, haya yote ni ua moja," akamwambia shangazi. "Na penseli naiona." Akagusa fungu dogo. "Haya ndiyo ninayouza. Kachora nani?"

Nilitazama. Fungu dogo lilikuwa ni la Ijumaa, yale maskini yangu, pamoja na petali lililokosa upande.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini mdomo wangu haujazoea likizo. Nikasema zote ni mimi, mama. Nikaeleza kwamba hizo nyingi ni za mwanzo, nilipokuwa nashika mkono wa shangazi kwa kukariri, na kwa bahati mbaya nina macho ya kamera: nikitazama kitu mara moja, kinatoka kilekile. Penseli ni alama ndogo za mazoezi. Hizo chache ni baada ya kuiva.

Mwenye duka alizirudisha zile mbili mezani. Akasema macho ya hivyo si mabaya, yakifundishwa adabu. Atachukua hizo chache, na kwa kuwa shangazi ni mtu wake wa siku nyingi, atasubiri hadi Jumamosi ijayo nirudie fungu kubwa lote, mradi zije kama hizi. Shangazi akafumba macho. Nikaona mabega yake yakishuka. Kazi ilikuwa bado yake.

Na mimi nilikuwa nimepona, naapa nilikuwa nimepona, ila mlango ukagongwa. Aliingia jirani yetu, mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia imening'inia shingoni, cherehani yake inatazamana na dirisha letu. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuniangalia, akamuuliza shangazi hali ya mkono, kisha akauliza kwa huruma kama ni kweli tunahama.

Shangazi akashangaa. Anahama nani?

"Si naona madirisha yanazibwa," akasema mshonaji. "Kila asubuhi huyu kijana anabandika makaratasi kwenye kioo, moja juu ya jingine, anaandikaandika na penseli, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Akimaliza hilo anaweka lingine. Nikasema hawa wanafungasha. Nikaja kuuliza kabati mnaliachaje."

Habari za kabati ziliishia hapo. Mwenye duka aligeuka kutazama dirisha. Nami nikageuka. Kioo kilikuwa na viganja vyangu, juu hadi chini, na katikati doa la paji la uso.

"Kamera," akasema shangazi.

Aliinuka kwa uchovu wake wote, akavuta pazia kwa mkono mzima. Akaweka karatasi nyeupe mbele yangu, mbele ya wote. Kisha akanyoosha mkono, akaichomoa penseli nyuma ya sikio langu.