Unyayo Uliogeukia Ndani

"Hukuteleza msikitini," Mkadam alisema, kisigino cha Makungu kikiwa kiganjani mwake. "Aliyeteleza havimbi upande huu. Wewe umeruka ukuta."

Makungu, muuza kahawa wa Jang'ombe, alitupa jicho uani, ambako Biasha, mke wa Mkadam, alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. "Punguza sauti, Mzee."

"Na ukuta wenyewe si wako."

"Lahaula! Hata urefu wake umeandikwa humo?"

"Futi sita. Sita na nusu, ikiwa mwenye nyumba alikuwa nyuma yako."

Biasha alicheka mpaka nazi ikamponyoka. Hiyo ndiyo sifa ya Mkadam iliyowaleta watu hata wasioumwa sana. Alikuwa mchinjaji miaka ishirini kabla ya kuwa mkandaji wa viungo, na kila mbuzi aliyempasua alimwachia somo. Mtaani walisema aliwahi kumrudishia nyonga punda wa mkokoteni wa chokaa, na punda yule akawa anapita kila asubuhi kuinamisha kichwa mlangoni. Mkadam hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba punda yule alikuwa na adabu kuliko wengi aliowatibu. Lakini utamu wenyewe ulikuwa huu: akishika kiungo, anakwambia ulivyoumia, hata kama mkeo ulishamwambia vingine.

Makungu akaona bora kubadilisha mazungumzo. "Umesikia ya jana? Yule mzee wa baiskeli, anayeleta nazi kutoka shamba. Kagongwa njia ya Bububu, alasiri. Kafa pale pale."

"Inna lillahi. Nani kamgonga?"

"Gari halikusimama. Wanalitafuta."

Hapo ndipo waliposikia gari likisimama nje.

Kwanza redio ya jirani ilizimwa. Kisha madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine, taratibu, kama watu wasiotaka ijulikane kwamba wanafunga. Mwanamke aliyekuwa akimwita mwanawe alilimeza jina lake katikati. Makungu alisimama kwa mguu ule ule uliovimba, akapita uani bila kuaga, na Mkadam akamsikia akiruka ukuta wa pili kwa siku mbili.

Aliyeingia aliinamisha kichwa chini ya kizingiti. Alikuwa Matar. Hakuna aliyekijua cheo chake hasa. Walijua kwamba mwaka wa sitini na nne alikuwa hana viatu, na sasa, miaka minne baadaye, akimwita mtu, mtu huyo hubeba shuka, maana hajui atalala wapi.

"Wewe ndiye Mkadam?"

"Naam, bwana."

"Mke wangu kaanguka mkarafuu jana, huko Kidichi. Nyonga. Utamrudishia."

"Hospitali, bwana, wana mashine ya kupiga picha mifupa..."

"Hospitali wanaandika."

Mkadam aliufuta mkono wake wenye mafuta kwenye msuli aliojifunga kiunoni, mara mbili, tatu. "Mke wa mtu simshiki mimi, bwana."

"Najua. Nimeuliza. Mkeo atashika, wewe utasema, pazia katikati. Haya, twendeni."

Ndivyo walivyofanya kazi miaka kumi na tano. Akija mgonjwa mwanamke, Mkadam hukaa nje ya pazia na Biasha humwazima mikono. Na kwa kuwa mtu wa nje huona kwa ulimi wa aliye ndani, Biasha alikuwa amejizoesha kutaja kwa sauti kila ambacho vidole vyake vinakutana nacho, bila kuruka hata kimoja.

Landrova ya Matar ilikuwa na taa moja iliyofungwa gunia. Mtaa mzima haukuliona gunia lile. Watu walikuwa wamejifunza kutazama chini. Mkadam na Biasha walipanda nyuma, kwenye ubao, wakashikilia vyuma.

"Nikikosea?" Biasha alinong'ona walipopita Mtoni.

"Lini umekosea?"

"Lini nimemshika mke wa huyu?"

Mkadam alisogea karibu naye kwenye ubao.

Nyumba ya Kidichi ilikuwa katikati ya mikarafuu, na uani karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini. Mama yake Matar, Bi Time, aliwapokea mlangoni. "Shikamoo, Bi," alisema Biasha. "Marahaba. Ingia upesi, mwanangu, hajalala tangu jana." Akamvuta ndani, pazia likaanguka. Mkadam akabaki ukumbini na Matar, aliyesimama karibu naye mno, mikono nyuma.

Mkadam alifumba macho. Aliiona nyonga kama alivyoiona maelfu ya mara juu ya gogo la kukatia nyama. Kichwa cha mfupa wa paja, mviringo, laini kama kitunguu kilichomenywa. Kikombe cha mfupa wa kiuno kilichokipokea kichwa hicho, kikakibana mpaka kikawa kama kinakinyonya. Hata ukikata nyama na mishipa yote, hakitoki mpaka upitishe ncha ya kisu, hewa iingie. Na chini ya kichwa, shingo, nyembamba, imekaa mshazari, ndiyo inayobeba mwili mzima kila mtu anapopiga hatua. Shingo ikivunjika, mguu hulala kama wa maiti na unyayo hutazama nje. Huo haushikwi, kuuvuta ni kuumaliza. Lakini kichwa kikichomoka kwa nyuma, goti huja ndani na unyayo hutazama ndani. Huo hurudishwa, tena upesi, maana kichwa kikikaa nje ya kikombe muda mrefu hukosa damu, kikafa njaa.

Ikiwa ni shingo, itambidi alitamke tena neno hospitali mbele ya mtu huyu.

"Biasha. Mguu?"

"Umefupika."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

"Unyayo unatazama wapi?"

Ndani, mtu alilia kwa sauti ya chini, sauti ya msichana.

"Ndani," Biasha alisema. "Umegeukia ndani. Na goti limeegemea goti mwenzake."

Mkadam akashusha pumzi. Kisha akaanza kulipima anguko lenyewe. Mchuma karafuu akianguka huangukia ubavu, au miguu, na shingo ya mfupa ndiyo inayoumia. Mfupa kuchomoka kwa nyuma kunataka mtu aliyekaa. Amekaa kitako, goti limekunjwa, na kitu kimelisukuma goti hilo kutoka mbele kwa nguvu za ajabu. Mtu aliyekaa kitini.

Kinywa chake, kwa mazoea, kilikuwa kimeshafunguka nusu. Akakifunga. Alichosahau ni kinywa cha Biasha.

"Goti limechubuka," Biasha aliendelea, akitaja kama kawaida yake. "Mstari ulionyooka, kama limegonga ukingo wa bati. Kama yule abiria wa lori la chokaa mwaka jana, vile vile ha..."

Matar hakusogea. "Abiria gani?"

"Mgonjwa wetu wa zamani, bwana," Mkadam alidakia. "Naye alianguka."

"Kutoka wapi?"

"Juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya lori," Mkadam alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya hadithi ya punda, nyepesi, haina haya. Hakujua ilitoka wapi. "Alipanda juu ya magunia, bwana, akajiona yuko darini kwao. Lori lilipokata kona, yeye hakukata. Na magunia yakipangwa vizuri, urefu ni ule ule wa mkarafuu. Njiani akagonga ukingo wa ubavu wa lori. Mke wako hapana shaka aligonga tawi."

"Tawi."

"Tawi, bwana. Mkarafuu una matawi."

Matar alimtazama kwa muda ambao Mkadam angeweza kuzihesabu karafuu zote za uani. "Fanya kazi yako," akasema.

Nyonga ya kumwongozea Biasha haikuwapo, ila yake mwenyewe. Mkadam akalala chali kwenye sakafu ya saruji, mbele ya viatu vya Matar, akainua goti lake la kulia kifuani. Mzee wa miaka sitini na mbili, msuli umempanda, anamtazama mtu kama yule kutokea chini. Lakini hakukuwa na njia nyingine. Kila atakachosema, lazima kwanza akisikie katika nyonga yake.

"Bi Time, tafadhali, kandamiza mifupa ya kiuno pande zote mbili. Uzito wako wote. Kiuno kisinyanyuke mkekani."

"Nshakandamiza."

"Biasha, simama juu yake. Kunja goti, kunja nyonga, paja litazame dari. Kwapa la goti, pale nyuma linapokunjika, lipitishe juu ya mkono wako. Sasa usimvute kuelekea miguuni. Mvute kwenda juu, kama unatoa ndoo kisimani."

Msichana akapiga ukelele. Mkadam alikuwa amelikumbatia goti lake mwenyewe, akilivuta juu, shingo imemsimama mishipa.

"Imekataa, Bwana!"

"Usipigane nayo. Nyama zimeogopa, zimejikaza. Mwambie avute pumzi, aitoe. Akitoa, wewe vuta, kidogo, usiachie. Subiri zichoke."

Walisubiri. Sakafu ilikuwa baridi. Kiatu kimoja cha Matar kilikuwa shibiri moja kutoka sikio la Mkadam. Kilikuwa kimepigwa rangi, na kwenye mshono wa soli palikuwa na mchanga mwekundu uliokauka.

"Sasa tikisa paja, ndani, nje. Taratibu. Tikisa na huku unavuta."

Mlio ulisikika nyuma ya pazia, mzito, wa ndani, kama mlango uliovimba kwa maji unapokubali kuingia mahali pake.

"Alhamdulillahi," alisema Biasha. "Imeingia. Inyooke?"

"Nyoosha. Miguu?"

"Iko sawasawa."

"Nyuma ya nyonga hupita mshipa mnene kama kidole. Tuone kama haukubanwa. Mwambie achezeshe vidole."

"Haya, mwanangu, chezesha. Vinacheza, Bwana! Vyote!"

Mkadam alifumba macho palepale sakafuni. Kwa dakika hiyo moja hakuogopa kitu.

Kisha ikaja ile sauti changa kutoka nyuma ya pazia, sasa haina maumivu, imelegea, inauliza kama mtu aliyesubiri siku nzima apate nafasi ya kuuliza:

"Mama, yule mzee wa baiskeli, aliinuka?"

"Nyamaza, Kazija," Bi Time alisema upesi. "Unaweweseka."

Nje, kuku aliingia katika jamvi la karafuu, akatoka. Mkadam alikuwa bado chali, na kutoka chini alikuwa anakiona kidevu cha Matar na tundu za pua, zikipanuka, zikirudi. Hapakuwa na namna nzuri ya kuinuka. Akainuka hivyo hivyo, akakung'uta msuli.

"Wiki sita, bwana," alisema. Maneno yalimtoka yakikimbizana. "Asichuchumae, asipandanishe miguu, alale na mto kati ya magoti. Na lazima Biasha aje, kila siku ya tatu, amkande, asikilize. Hii nyonga bado ni mlevi, haijatulia. Asipokuja mtu anayeijua, itatoka tena. Lazima aje Biasha. Na mimi niwepo, nimwongoze."

"Mama yangu alikuwepo," alisema Matar. "Ameona kila kitu. Ameshajua."

Pazia likafunguka. Biasha akatoka, kanga yake imelowa jasho, akasimama karibu na mumewe, karibu kuliko anavyosimama mbele za watu.

"Tutakwenda kwa miguu mpaka Bububu," Mkadam alisema. "Tutapata gari pale, usijisumbue."

"Nimekuchukueni, nitakurudisheni." Matar alishatoa ufunguo. "Mkeo atapanda nyuma. Mzee, wewe kaa mbele."

Mkadam alipanda mbele. Alipokaa ndipo alipoliona bati, mbele ya magoti yake: limebonyea, bonyeo la mviringo, si kubwa, na kwenye ukingo wake palinasa uzi mmoja wa kanga ya bluu. Gari liliondoka, na kila lilipoingia shimo magoti yake yalikwenda yenyewe mahali pale, yakaenea. Aliyavuta upande. Yakarudi. Aliyashika kwa mikono yote miwili, akijifanya anayakanda kama mzee anayeumwa na baridi yabisi.

"Yanakuuma?" Matar aliuliza, macho yakiwa njiani.

"Uzee, bwana."

"Uzee hausemi ulivyoumia?"

"Hausemi kitu," alisema Mkadam. "Hausemi kabisa."

Walishuka kilima, mikarafuu ikaisha, minazi ikaanza. Barabara ya Kidichi ilifika mwisho wake, penye barabara kubwa. Kushoto, Bububu na mji. Kulia, njia ya kaskazini, Mangapwani, mashamba, mapango na pwani isiyo na watu. Matar alisimamisha gari. Hakuonesha anakwenda upande gani. Kutoka nyuma, Biasha alipitisha mkono katikati ya vyuma, akaushika mfupa wa bega la mumewe, akaukamata barabara, kama anavyomkamata mgonjwa asitikisike.

Matar alitazama kushoto, akatazama kulia. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Aliendelea kutazama, mkono wake umetulia juu ya gia.