Mafundi wa Figo za Alois

Jumapili baada ya misa ya pili, Benadetha alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwake, kijijini Bonga, akimkanda mumewe miguu kwa maji ya moto. Miguu ya Alois ilikuwa imevimba tangu kabla ya Pasaka. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kanisani alikuwa amekwenda na ndala, kwa sababu viatu vyake vya ngozi vilikataa kuingia, na katekista alimtazama miguu misa nzima.

"Geuka nikukande na mgongo," Benadetha alisema.

Alois akavua shati, akageuka. Chini ya mbavu za kushoto ngozi ilifunguka kama kishikizo kinavyofunguka, akatoka mtu mwenye urefu wa kidole, amevaa ovaroli, ametapakaa unga mweupe kichwani hadi miguuni. Alishika mwiko wa kujengea.

"Shikamoo mama," alisema. "Tunaomba maji kidogo. Huko ndani yamepungua."

"Marahaba." Benadetha akamchotea kwa kifuniko cha soda. "Mnafanya nini humo?"

"Tunaziba, mama."

Alois akauliza kama wao ndio wanaomkwaruza asimalize usingizi. Fundi akasema ndiyo, akaomba radhi, akabeba maji yake akarudi ndani. Ngozi ikajifunga. Benadetha akaendelea kukanda, maana mgongo ulikuwa bado.

Kesho yake walikwenda hospitali kuchukua majibu ya vipimo. Daktari Fabiola, mama mwembamba mwenye sauti ya taratibu, aliyasoma, kisha akamwomba Alois alale kitandani. Mafundi wawili walichungulia ubavuni. Daktari aliwaitikia salamu, akawafunika kwa shuka.

"Kwa wengi huwa hawatoki nje," alisema. "Lakini kila mtu anao. Ukijikata na kisu, hao ndio wanaokuja kuziba. Figo ikiumia, chembe zake hutoa protini fulani, ndogo sana, kazi yake kupeleka amri: njooni mzibe. Mafundi wanakuja, wanasuka nyuzi zao, jeraha linapona, amri inanyamaza, wanaondoka. Kwako Baba Kindness amri haikunyamaza, kwa sababu jeraha lilirudiwa kila siku. Wameziba jeraha, wakaziba na vichujio vyenyewe, na mishipa midogo inayovilisha. Figo zako zimebaki kovu."

"Waambie waache," Benadetha alisema.

"Dawa ya kuwanyamazisha kabisa bado inatafutwa. Tunachoweza ni kuondoa kinachojeruhi. Ulikuwa unatumia dawa gani?"

"Za maumivu," Alois alisema. "Kila asubuhi. Mwaka wa nane huu."

"Nani alikuandikia?"

"Haandikiwi mtu. Tunapewa getini."

Akaeleza. Machimbo ya kokoto ya Melkiori, juu ya barabara ya Dodoma, yana msimamizi anayesimama getini na ndoo ya vidonge. Kila anayeingia anapewa vidonge viwili na kikombe kimoja cha maji, ili mgongo usisumbue. Maji mengine hakuna mpaka mchana, kwa sababu mtu aliyekwenda kukojoa hajavunja jiwe. Jua la pale linachemsha mpini wa nyundo.

Daktari aliweka kalamu chini. "Vidonge hivyo kila siku, na mwili mkavu," alisema, "ndilo jeraha lenyewe." Akawaambia siku za kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, na kwamba kilichokwisha kuzibwa hakizibuki.

Walipofika nyumbani Benadetha aliwaita mafundi. Wakatoka sita, wakajipanga ukingoni mwa beseni wakifuta miiko yao.

"Mume wangu hamezi tena vile vidonge," aliwaambia. "Mbona bado mnafanya kazi?"

"Amri ya leo ni ndogo, mama, lakini ipo," alijibu mkubwa wao. "Kovu lenyewe limeanza kubana, na likibana linaumiza penginepo, na penginepo panatoa amri."

"Basi fumueni mlichosuka."

Wakatazamana. "Kufumua hatukufundishwa."

Benadetha alisimama akazunguka uani. Alimkumbuka Alois alipokuwa anarudi jioni na kumbeba mtoto wao Kindness mabegani hadi dukani, akijisifu kwamba mgongo wake ni wa chuma. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka. Alikuwa akiwashukuru watu wa machimbo kwa vidonge, hata kanisani, kwenye maombi ya shukrani. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Kesho mtakwenda nami," alisema. "Mkamweleze mwenye machimbo kwa midomo yenu."

Aliwabeba kwenye hotipoti, kifuniko ameacha wazi kidogo. Dereva wa bajaji alilalamika kuhusu unga mweupe kwenye kiti, akaridhika Benadetha alipoufuta kwa khanga. Melkiori alimkaribisha ofisini vizuri, akamuagizia chai. Akamsikiliza, kisha akawasikiliza mafundi, ambao walieleza kila kitu kwa mpangilio, tangu vidonge vinapoingia damuni hadi figo inapokosa damu ya kutosha, ikaumia, ikawaita.

"Pole sana kwa mzee," Melkiori alisema. "Alikuwa mchapakazi."

"Nina swali moja, Baba," Benadetha alisema. "Wewe vidonge hivyo unameza?"

"Mimi? Hapana. Nilimeza zamani, daktari wangu akanikataza. Alisema vinaharibu figo."

Alilisema hilo huku akikoroga sukari.

Benadetha alipiga meza kwa viganja vyote viwili hadi chai ikaruka. "Ulijua! Ulijua, ukaweka kwenye ndoo!"

"Sijamlazimisha mtu kufungua mdomo, Mama Kindness. Tena wenyewe wanaviomba. Siku visipokuwepo wananinunia." Aliinama juu ya hotipoti. "Hawa watu wako wanalala?"

"Hatulali," mkubwa wa mafundi alijibu.

"Mnakula?"

"Tukipata amri tunatosheka."

"Chekeche la mtambo wangu wa kuponda kokoto limechanika," Melkiori alisema. "Mnaweza kuliziba?"

Benadetha alifunika hotipoti, lakini walikuwa wameshatoka. Walimuaga Benadetha kwa heshima, mmoja mmoja, wakimwita mama, wakashuka kwenye mguu wa meza na kumfuata Melkiori nje. Hawakuwa na nia mbaya naye. Walikuwa wameitwa.

Ndani ya Alois nafasi zao zilijazwa na wengine kabla Benadetha hajafika nyumbani.

Mpasuko wa chekeche ulizibwa siku hiyo hiyo, na Melkiori aliwasimulia watu mjini jinsi alivyopata mafundi. Lakini mawe yaliendelea kulipiga chekeche kila siku, na kila lilipopigwa mafundi walisikia amri. Waliziba mikwaruzo. Wakaziba kingo za matundu. Kisha wakaziba matundu yenyewe, wakiweka nyuzi juu ya nyuzi, kazi safi, ngumu kuliko chuma. Asubuhi moja mtambo uliwashwa, mawe yakapanda juu ya chekeche, halikupita hata vumbi. Injini ikaungua. Fundi mitambo aliyeitwa kutoka Arusha alijaribu kulikata chekeche kwa gesi akashindwa, akasema linunuliwe jipya, na jipya linatoka mbali.

Melkiori hakukasirika. Aliwaita vijana wote, akagawa nyundo zaidi, akasema mpaka chekeche lifike kokoto zote zitapondwa kwa mkono. Kwa kuwa kazi imezidi, na yeye anawajali, vidonge sasa vitakuwa vinne.

Habari hizo zilimkuta Benadetha hospitali, Alois yuko kwenye mashine, damu yake ikizunguka kwenye mipira ya plastiki. Jina lake huko machimbo lilikuwa limeshafutwa. "Usiende," Alois alimwambia, akiwa amefumba macho. "Hawatakusikia." Kesho yake Benadetha akaenda.

Alifika getini jua halijapanda. Wanaume walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani. Aliipiga ndoo teke. Vidonge vikatawanyika kwenye changarawe. Msimamizi hakumgombeza. Alichutama akaviokota, akavisuuza kwenye maji ya kunywa, akavirudisha kwenye ndoo.

"Rehani," Benadetha alimwita kijana aliyekuwa akifanya kazi na mumewe. "Umemwona Alois alivyo. Ulikuja kumtembelea, ukamwona."

"Nimemwona, mama." Rehani alitazama chini. "Lakini nisipomeza, saa nne sifiki. Na nyuma yangu wako watu thelathini wanangoja nyundo yangu."

Akapokea vinne, akavitupa mdomoni, akanywa kikombe chake.

Benadetha akaingia katikati ya njia, mbele ya ndoo, akanyoosha mikono yote miwili. Alipiga kelele. Alitaja jina la Melkiori, akataja figo, akamtaja mumewe na mashine, hadi sauti ikamkauka. Hakuna aliyemsukuma. Mmoja alimwambia pole. Msimamizi akasogeza ndoo hatua chache pembeni, na foleni ikajipinda kidogo, ikampita, ikaendelea.