Uzito wa Mteja wa Mwisho

Jumamosi hiyo asubuhi Kigingi alikuwa amebakiwa na mteja mmoja tu. Virago vilikuwa vimeshafungwa na kupangwa barazani: godoro lililoviringishwa, sufuria ndani ya beseni, gurudumu la kufinyangia vyungu la mkewe, na juu kabisa furushi la mapazia mapya. Lori lingefika saa sita. Mkewe alikalia ndoo iliyopinduliwa, shali mabegani, akikohoa kidogo kidogo. Walikuwa wanahamia tambarare kwenye joto, kwenye nyumba ya kaka yake, kwa sababu ukungu wa mlimani ulikuwa umeingia kifuani mwake na kukataa kutoka.

"Nampandisha huyu mmoja, namshusha, narudi," Kigingi alisema.

"Mpandishe upesi," mkewe alimjibu. "Na umshushe upesi zaidi."

Mji wao ni mdogo, umekaa pale mlima unapoanza. Kiwanda cha zamani cha mbao siku hizi ni ukumbi wa picha. Nusu ya nyumba zinachora, zinachonga au zinafinyanga, na nusu nyingine zinakodisha baiskeli, viatu vya mlimani na kamba. Juu ya lango la soko, baraza la mji limeandika kwa rangi nzuri: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wanakuja kweli, na makoti yao ya rangi kali na nyuso za watu waliolala vizuri. Kuhusu kupona kwa mwenyeji, bado hakujapangiwa tarehe.

Kazi ya Kigingi ilikuwa kushika kamba. Mteja anapanda jabali, ncha moja imefungwa kiunoni mwake. Ncha nyingine inapita kwenye chuma cha kukazia kilicho kwenye mkanda wa Kigingi, chini. Mteja akiteleza, Kigingi anamdaka. Wakiwa mbali hawasikiani, basi kamba ndiyo inayosema. Ikivutwa mara moja, kaza. Mara mbili, legeza. Mara tatu, nimemaliza, niachie, nenda zako. Hakuwahi kumwangusha mtu, na jina la Kigingi alilipata hapo.

Mteja wa mwisho alikuwa bwana mpole, mnunuzi wa picha, mwenye biashara zake mahali fulani. Alimuuliza Kigingi habari za nyumbani, na kabla hajajibiwa akaanza kupanda. Alipanda vizuri. Aliingia kwenye wingu. Kamba ikavutwa mara mbili, Kigingi akalegeza. Ikavutwa mara mbili tena. Kamba ilipokaribia kuisha, mwenye duka la kukodisha kamba, bosi wake, alileta nyingine akaziunga.

Saa sita lori lilipiga honi kule nyumbani. Dereva alikunywa chai, akasubiri, akanywa nyingine, kisha akaondoka na makochi ya mtu mwingine.

Mpaka jua linazama mteja hajashuka, na uzito wake ulikuwa bado kwenye kamba, umetulia kama ndoo kisimani.

"Bosi, mimi nina safari," Kigingi alisema.

"Kijana wangu," mwenye duka alisema, ingawa Kigingi alishaota mvi, "mtu akiwa juu, wa chini haondoki. Roho ya mtu hiyo. Subiri mivuto yako mitatu. Kama ni kulala, nenda kalale nyumbani, kamba ninayo ya kutosha."

Kwa hiyo Kigingi alirudi nyumbani na kamba. Ilitoka winguni, ikapita juu ya paa la ukumbi wa picha, ikavuka barabara na ua wa jirani, ikaingia mlangoni hadi kiunoni mwake. Mkewe aliitazama. Akafungua furushi la godoro, kwa sababu watu lazima walale.

Mji ulizoea, kama miji inavyozoea. Jirani alianza kuanika nguo kwenye kamba, na mteja huko juu akivuta, mashuka yake yalipanda na kushuka. Baraza lilinyanyua nyaya za umeme ili zisiiguse. Wachoraji walikuja kumchora Kigingi akiwa amesimama, amekaa, anakula. Wageni walipiga naye picha na kumsifu kwa subira yake, na yeye alitabasamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Kwenda alikoweza kwenda, alikwenda: sokoni, kwa kinyozi, mpaka kwenye mti wa mwisho wa barabara ya tambarare. Pale kamba ilikaza, na alisimama kuangalia malori yakiteremka.

Ubaya ulikuwa mlango. Mwenye duka alikuja mwenyewe kuukagua, akapitisha kidole kwenye ubao. "Huu usifungwe. Utaisaga kamba." Basi mlango ulikaa wazi, asubuhi na jioni, kiangazi na masika, na ukungu uliingia bila kubisha hodi, ukaketi ndani kama mwenye nyumba. Kikohozi cha mkewe kilishuka kutoka kooni mpaka mbavuni. Akifinyanga, ilimbidi asimamishe gurudumu mpaka kifua kimwachilie, na vyungu vyake vilianza kutoka na bonde upande mmoja. Wageni walivipenda hivyo hivyo.

Furushi moja baada ya jingine lilifunguliwa. Sufuria, kwa sababu watu lazima wale. Blanketi. Gurudumu. Likabaki la mapazia. Hilo mkewe hakuligusa. Alikuwa ameyashona kwa vipimo alivyosomewa na kaka yake kwenye simu, kwa madirisha mapana yanayotazama jua, na kila alipopangusa vumbi alilinyanyua furushi, akapangusa chini yake, akalirudisha.

Mwaka wa maonyesho makubwa, Kigingi aliitwa ukumbini asimame kando ya picha yake mwenyewe. Walimpa shati safi. Wageni walipita na glasi mkononi, wakimtazama yeye, kisha picha, kisha yeye, na wengi walipendelea picha. Hapo ndipo alipomwona mteja wake.

Alikuwa amevaa vizuri na amenenepa kidogo usoni. Miguu yake haikugusa sakafu sawasawa; kila mlango ulipofunguliwa, upepo ulimsogeza kuelekea meza ya vitafunio, na mhudumu mmoja alimrudisha taratibu kwa kumshika mkono wa koti.

"Bwana," Kigingi alisema, "si uko juu wewe?"

"Aa, mshika kamba wangu!" Mteja alifurahi kweli. "Niko juu, ndiyo. Nilishuka kwa njia ya nyuma, ile ya ngazi. Uzito nimeuacha kule."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Ulinishika vizuri mno, nikaona, kumbe naweza kuuacha tu. Unajipandia wenyewe, unapenda sana kupanda. Mimi sasa magoti hayaumi, usingizi ninaupata. Hata daktari wangu amefurahi."

Kigingi alivuta pumzi. Maneno yale alikuwa ameyafanyia mazoezi kwa muda mrefu, akidhani atayasema kwa jabali. "Nakuomba upande ukauchukue, bwana. Uvute mara tatu. Mke wangu kifua kinambana, na hatuwezi kufunga mlango. Tulikuwa tunahama."

Mteja alisikitika. Macho yake yalilowa. "Pole sana. Mpe maji ya moto na limau. Lakini tazama miguu hii, imeshasahau kazi. Nikiuchukua sasa, itavunjika."

"Na nikiuachia?"

"Uzito utaanguka, na mimi nitaanguka nao, hapa hapa nilipo." Alisema bila kutisha, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Ila wewe hutauachia. Mwenye duka aliniambia: huyu hajawahi kumwangusha mtu. Ndiyo maana nilikuchagua wewe."

Hasira ilimpanda Kigingi mpaka masikio yakawaka. Aliweka kidole gumba juu ya chuma cha kukazia. Ilihitaji kusukuma kidogo tu, kama kufungua kitasa. Alimtazama yule bwana akielea mbele yake na glasi yake ya maji ya matunda, mnyonyaji mwenye adabu zake, shingo yake nyembamba ndani ya kola iliyopigwa pasi. Akamwona mawazoni, ameanguka sakafuni. Akaona hawezi. Alikasirika zaidi kwa kuwa hawezi, na kidole kikarudi mahali pake. Mwenye duka alikuwa anahutubia, na watu walipiga makofi.

Nyumbani alimsimulia mkewe kila kitu. Mkewe hakushangaa.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alisema. "Huyu hata usufi wenyewe kaona mzito." Akakohoa, akangoja kipite. "Kaka alipiga simu. Ile nyumba ameipa watu wengine. Anasema, 'Mwambie shemeji anisamehe, nyumba haikai tupu milele.'"

Ukungu uliingia, ukajaa mpaka usawa wa meza.

"Nenda wewe," Kigingi alisema. "Kaka yako hatakosa chumba. Utapona huko."

"Na wewe ukilalia upande wa kamba, nani atakugeuza?"

"Nitajigeuza."

"Hujawahi kujigeuza tangu nikujue," mkewe alisema, na walicheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi kirefu, na Kigingi alimshika mgongo mpaka kikaisha. Alisikia mbavu zake mkononi, moja moja. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

Mkewe alikwenda barazani akalifungua furushi la mwisho. Mapazia yalikuwa ya rangi ya chungwa, na mikunjo imeshika kama kwenye karatasi. Yalikuwa mapana kupita kiasi kwa nyumba ile. Aliyakunja mara mbili, akayatundika mlangoni. Akachukua mkasi, akatoboa tundu dogo la kupitishia kamba, akashona ukingo wake vizuri ili lisichanike. Kitambaa hakisagi kamba. Hata mwenye duka asingekuwa na neno.

Chumba kilipata joto kidogo. Mkewe alikaa karibu na Kigingi, shali mabegani, wote wakitazama lile tundu.

Kamba ikavutwa. Ikavutwa tena.

Mkewe alishika pumzi, na hata kikohozi chake kilisubiri. Walingoja mvuto wa tatu mpaka chai ikapoa, kisha Kigingi akalegeza.