Skrubu Tatu za Rada

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye gereji yake.

Mdogo wangu, muuguzi, alileta gari asubuhi akitoka zamu ya usiku, bampa la mbele limebonyea. "Nguzo ya geti," akasema, akajitupa kwenye benchi langu kama gunia.

Nyuma ya grili, braketi inayoshika rada ilikuwa imepinda. Rada hiyo hupima umbali wa gari la mbele, na gari lako likilisogelea mno hujipunguzia mwendo lenyewe. Kwa mtu anayerudi nyumbani kila alfajiri yu hoi, kwenye barabara ya malori, kisanduku hicho cha rada ni mwenzake wa safari.

Nami nilikuwa nimechoka hadi kope. Nikashusha bampa, nikachomoa plagi. Braketi ilishikwa na bolti mbili zilizoota kutu. Katikati kulikuwa na skrubu tatu laini. Mkono wangu mvivu ukazikimbilia hizo laini. Nikazizungusha zote tatu, na braketi haikutikisika hata kidogo. Kumbe hizo ndizo zinazoipangia rada ielekee wapi.

Nikazikata bolti, nikainyoosha braketi kwa nyundo, nikaifunga upya kwa bolti mpya. Skrubu nikazirudisha kwa kukadiria, jicho moja nimefumba, kama ninavyopanga taa za gari mbele ya ukuta. Tatizo ni kwamba taa huuangaza ukuta ukaona. Rada haikuonyeshi kitu.

Tukaenda kulijaribu, yeye kwenye usukani. Barabara tupu, gari likajifunga breki kwa kuogopa lori lililoegeshwa pembeni. Mbele kidogo tukaifuata pikapu, likaikimbilia bila kupunguza mwendo, kama limeona mchumba. Ni mguu wa mdogo wangu kwenye breki uliotuokoa.

"Kaka, umeitengeneza au umeilewesha?"

"Itazoea."

"Ni ng'ombe hii, izoee zizi?"

Nikakiri kwamba yupo fundi mwenye mashine ya kuipanga, ng'ambo ya mji, lakini hapatikani hadi kesho.

"Na zamu yangu ya leo?"

Kichwa kilikuwa kinaniuma, nilitaka kulala tu. "Izime, uendeshe. Mbona sisi tumeendesha kwa macho miaka yote na tuko hai?"

Akaegesha kando, akazima gari, akaniwekea funguo kiganjani.

"Macho hayo ndiyo yaliyogonga nguzo, kaka. Yalikuwa yamefumba kwa usingizi. Jioni utanipeleka kazini, na alfajiri uje kunichukua."