Picha ya Kadi ya Wodini

Jumatatu saa mbili asubuhi mshonaji alifika kwenye dirisha la kadi la hospitali, kwapani shuka safi, mkononi simu ya bintiye yenye picha aliyopigwa kwa ajili ya kadi. Mumewe alikuwa na siku tisa wodini, na bila kadi yenye picha hakuna kumwona mgonjwa. Karani aliitazama ile picha kwa huruma ya mtu aliyekaa penye feni, akasema ni ya aina mpya, mashine ya ofisi haiifungui. Avuke barabara, ikageuzwe iwe ya aina ya zamani.

Ng'ambo palikuwa na kibanda cha kopi. Fundi wake, mtu mwaminifu, alimwonya mapema kwamba picha ikigeuzwa hubanwa, na ikibanwa huacha vitu.

"Vitu gani, mwanangu?"

"Vidogo tu, mama. Hatuchagui sisi."

Akabonyeza. Kidoa cheusi alichozaliwa nacho mshonaji kidevuni kikadondoka mezani kama punje ya pilipili manga. Fundi akakipangusa, akaendelea na kazi.

Aliporudi dirishani karani alisema vizuri sana, ila sasa hivi wameletewa mashine nyingine, maendeleo hayo, nayo inataka aina mpya. Mshonaji akavuka tena. Picha ikawa mpya, kidoa hakikurudi. Fundi alieleza kuwa aina mpya ina nafasi kubwa zaidi, lakini ya kuweka kilichopo. Jumanne ikatakiwa ya zamani, nyusi zikaenda. Jumatano ikatakiwa mpya, na mikunjo ya miaka sitini ikamwagika sakafuni kama nyuzi. Mwenyewe akasaidia kuifagia, nyuzi si amezizoea. Alhamisi ikawa zamu ya pua na macho. Jirani yake kwenye foleni, aliyebaki na sikio moja, alimwambia ashukuru.

Ijumaa karani alifurahi. Picha ilikuwa laini kama sahani, na aliyesimama mbele yake alikuwa laini kama sahani.

"Hii sasa ndiyo picha," alisema. "Wengine wanatuletea picha zenye mambo mengi." Akagonga muhuri.

Wodini kulikuwa na vitanda kumi na viwili, na juu ya mito nyuso kumi na mbili tupu, maana wagonjwa nao huandikishwa kwa picha. Hospitali ina utu, iliwaachia midomo kwa ajili ya vidonge. Mshonaji alipita taratibu kitanda hadi kitanda. Kwenye cha nane mtu alikuwa akimfundisha muuguzi kwamba mto una juu na chini, na aliyelelewa vizuri anajua. Somo hilo mshonaji alikuwa amelisikia miaka arobaini na moja. Akaugeuza mto, akakaa.

"Umechelewa," alisema mumewe.

"Foleni."

Mume akampapasa kutoka paji hadi kidevu, asikute pa kushika. Akauliza wamemgeuza mara ngapi. Mara tano, alijibu.

"Mimi tatu tu," alisema mume. "Ndiyo maana bado mzuri."

Wakatandika shuka pamoja. Saa kumi muuguzi alipita akikusanya kadi zote, kwani Jumatatu inakuja mashine nyingine na kila mtu alete picha upya. Mshonaji alimuuliza kwa upole, safari hii watatoa nini, na hapa hakuna kilichobaki.

Muuguzi alimtazama vizuri, juu mpaka chini.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema. "Huwa hatukosi."