Vidole Vinne vya Akiba

Mtu huacha kuwa mtu akifikia kipimo gani? Swali hilo niliulizwa kwenye usaili wa Ofisi ya Vipimo, nikiwa nimebakiza muhula mmoja kumaliza chuo kikuu. Nilitaja namba zilizomo kwenye chati: upana wa bega, urefu wa mkono, mzunguko wa shingo. Msimamizi aliyenisaili aliridhika na akanipa kazi, nianze huku nikimalizia masomo. Mimi sikuridhika, ila niliipokea, kwa sababu ajira ile nilikuwa nimeitamani tangu mwaka wa kwanza.

Mageuko yalikuwa yametimiza miaka kumi na mmoja. Hayakuchagua wa kumjia. Mtu alilala na vidole vitano akaamka na saba. Mwingine aliota magamba mgongoni, mwingine taya lilichongoka hata asiweze kunywa kwa kikombe. Katika mwaka wa kwanza wa hofu, wakubwa walijifungia wakatunga sheria kwa mchana mmoja, nayo ikatoka fupi kama zitokavyo sheria za haraka: binadamu ni yule anayevaa nguo. Kila aliyeanza kugeuka aliitwa kwenye ukumbi wa Ofisi ya Vipimo, akaamriwa kuinua mikono, kuinama na kuketi. Nguo ikihimili, aliandikwa Mtu na kurudi kwake. Ikichanika, aliandikwa Dubwana na kupitishwa lango la Ukuta unaozunguka mji, ambako hakuna aliyewahi kurudi.

Waliotunga sheria walikuwa na sare ya kijivu ya serikali akilini mwao, ile ya saizi tatu, yenye mishono iliyobanwa ili kuokoa kitambaa. Lakini hawakuiandika. Mama yangu, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisoma sheria ile kwa jicho la fundi.

"Wamesema nguo," aliniambia, nami nikiwa na miaka kumi. "Hawakusema imeshonwa na nani."

Tangu siku hiyo aliwashonea waliogeuka, katika chumba chetu cha mbele chenye meza ya kukatia, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na ukuta uliojaa misumari, kila msumari ukiwa na karatasi za vipimo vya mteja mmoja. Kanuni yake ilikuwa moja. Kila mshono uachiwe vidole vinne vya kitambaa cha akiba upande wa ndani, vikunjwe, kisha vishikizwe kwa bandi hafifu, zile nyuzi za muda ambazo huachia zikivutwa. Mafundi wengine huacha kidole kimoja. "Kidole kimoja ni cha mtu aliyefika," alizoea kusema. "Vinne ni vya mtu anayekuja." Watu mia mbili na watatu walikuwa wameingia ukumbini na mishono yake, na wote walirudi kula chakula cha mchana nyumbani kwao.

Kisha mikono yake yeye ikageuka. Kwa muda wa wiki mbili vidole vyake vilishikana, vikawa vyeusi na vigumu, mpaka kila mkono ukabaki na kucha mbili ndefu zinazokutana kama gando la kaa. Sindano haikushikika tena. Katikati ya mabega palianza kuvimba kitu ambacho usiku mmoja kilikuwa kama ndimu na siku ya tatu kama nazi. Barua ya wito ikafika: Alhamisi, saa nne asubuhi. Mafundi wa mtaa wote, mmoja baada ya mwingine, walisema wana kazi nyingi.

Nikabaki mimi. Nililelewa chini ya meza ile, nikifanya mazoezi ya hesabu huku vipande vya kitambaa vikiniangukia kichwani, lakini Mama hakuwahi kunikabidhi sindano. "Wewe shika kalamu," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Basi nilishona kwa kalamu. Nilimpima Mama sehemu ishirini na nne kwa kufuata chati ya Ofisi na kitabu cha ushonaji, nikachora, nikakokotoa, nikakata kama nilivyokokotoa.

Jumatatu asubuhi alilivaa gauni mbele ya jirani yetu Posta, mzee aliyesambaza barua miaka thelathini kabla mikono yake haijaota kiwiko cha pili. Gauni lilimkaa Mama kama ngozi.

"Limekaa," Posta alikiri. "Nilikuja kucheka, sasa nifanye nini?"

"Kunywa chai," Mama akamjibu, akanyoosha gando kumsogezea kikombe.

Mgongo ukafura. Gauni likapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni.

Posta alilitazama kwa utulivu. "Hiyo sasa ni shuka yenye mikono."

"Niliacha nafasi ya mshono," nilisema. "Kama kitabu kilivyoelekeza."

"Kitabu kilielekeza kiasi gani?"

"Sentimita moja."

Mama hakunikemea. Angenikemea, nafikiri ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia. "Umepima vizuri, mwanangu. Kasoro ni kwamba umenipima kama maiti. Maiti ndiye habadiliki mpaka Alhamisi."

Nilikuwa nimekulia katika nyumba ya vidole vinne, nikaenda kuamini sentimita moja kwa sababu ilipigwa chapa.

"Shemeji," Posta alisema, maana alimwita hivyo kwa utani tangu enzi za marehemu baba, "mtoto amesoma sana huyu. Mpe kazi ya mikono apone."

Tulianza upya mchana ule ule. Mama aliamuru niache futi ya kupimia mezani. Alitembea chumbani, akachuchumaa, akajipinda kuokota kifungo, nami nikamfuata nyuma na chaki, nikitia alama pale mwili ulipofika ulipojinyoosha kuliko kawaida. Kitambaa kilikuwa cha buluu, kile alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sherehe ya mahafali yangu. Nilipokigundua nikasita.

"Kata," alisema. Kisha akabadili mawazo. "Hapana, lete hapa."

Akaweka gando ukingoni mwa kitambaa na kulisukuma mbele. Kilikatika kwa mstari mmoja ulionyooka, bila uzi hata mmoja kuchomoka. Sote watatu tulitazama.

"Miaka yote nanoa mkasi," alisema Mama polepole, "kumbe mkasi uko njiani."

Kwa siku mbili karakana ilikuwa na fundi mmoja mwenye miili mitatu. Mama alikata. Posta, kwa viwiko vyake vinne, alikinyoosha kitambaa pande zote za meza kwa wakati mmoja, akijisifu kwamba hata kazini hakuwahi kufikisha barua mbali namna hiyo. Mimi nilishona. Kila mshono ulipata vidole vyake vinne, na mgongoni Mama alinitaka niongeze marinda sita, yaliyolazwa na kupigwa bandi. Nilijidunga, nikafumua, nikashona tena. Jumatano alasiri alipitisha kucha yake juu ya mshono wa bega, akarudia.

"Huu ningeutia jina langu," alisema.

Alhamisi ukumbi ulikuwa umejaa. Kwenye mabenchi walikaa watu kumi na wawili waliosubiri zamu, wote wakiwa na sare ya kijivu, wakipumua kwa uangalifu ili wasiichane. Mama alipita katikati yao na buluu yake, kichwa juu, magando yakiwa wazi. Aliyekaa mezani alikuwa Msimamizi yule yule.

"Inua mikono."

Akainua. Gauni likatulia.

"Inama."

Akainama, akainuka bila haraka.

"Keti."

Alipoketi, mgongo ulifunguka. Ule uvimbe ulitanuka kulia na kushoto, mbavu juu ya mbavu, kama mwavuli unaofunguliwa taratibu. Watu wa mbele walirudi nyuma, askari wa mlangoni akashika silaha yake kiunoni. Nami nilisikia kile ambacho pengine hakuna mwingine aliyekisikia: bandi zangu zikiachia, moja, ya pili, ya tatu. Marinda yakalala wazi, yakionyesha buluu iliyokuwa imefichwa ndani ya mikunjo. Kitambaa kikaufuata mwili hadi ulipotaka kufika, kisha kila kitu kikatulia.

Mama alirekebisha kola kwa ncha ya kucha. "Kuna lingine?"

Msimamizi alimzunguka mara mbili, akakagua kila mshono kwa kurunzi. Hakupata tundu. Akarudi mezani na kuandika Mtu, kwa mwandiko wa mtu aliyelazimishwa.

"Nani ameshona?"

"Binti yangu," Mama alijibu. Matokeo yangu ya mitihani alikuwa amewahi kuyasoma kwa sauti kwa majirani, lakini haikuwa sauti hii. Hii ilifika hadi benchi la mwisho.

Msimamizi akanitambua. "Si wewe unayeanza kwetu Jumatatu? Vizuri sana. Utatufundisha kuzitambua hila hizi, tuzizibe."

Nilitazama yale mabenchi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mabega ya magamba alikuwa ameacha kuitazama sare yake na sasa alitazama mgongo wa Mama, akihesabu marinda kwa midomo. Mama naye alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuniambia nishike kalamu.

"Chuo nitakimaliza," nilisema, nikimwelekea Msimamizi kwanza, kisha nikageukia mabenchi ili wote wanisikie. "Lakini kwenu sitaanza. Kuanzia Jumatatu niko karakana ya Mama, na mlango unafunguliwa saa mbili asubuhi. Yeyote mwenye barua ya wito aje. Nitampima akiwa anatembea."